Kutoka Pipa la Mvinyo hadi Robota la Owino: Historia Fupi ya Kukokotoa Wastani Wenye Vigeu Visivyo na Ukomo

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanaosoma mbinu za utafiti hukutana mapema na istilahi mbili: kigeu huru na kigeu tegemezi. Mauzo ya siku ni kigeu tegemezi. Mvua, siku ya juma na msimu wa kufungua shule ni vigeu huru. Wakishaorodhesha vigeu vitatu au vinne, kazi ya darasani huwa imekwisha. Lakini je, orodha ikiwa haina mwisho, hesabu bado inawezekana? Na kama inawezekana, inagharimu kiasi gani?

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya swali hilo kwa Kiswahili cha kawaida. Mfano wetu mkuu ni soko la Owino jijini Kampala, ambalo wasomaji wetu wengi wanalifahamu. Soko hili lilianza mwaka 1971 karibu na uwanja wa Nakivubo, na jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa kumbukumbu ya Yosefu Mukasa Balikuddembe aliyeuawa mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Huuzwa humo vyakula, viungo, vyombo na viatu, lakini sifa yake kubwa ni nguo za mitumba, ambazo Waganda huziita emivumba.

Mitumba hufika katika marobota yaliyofungwa na kukazwa. Mnunuzi hulipa kabla hajaona kilichomo. Faida yake itategemea aina ya nguo, daraja la ubora, nchi zilikotoka, thamani ya shilingi mbele ya dola, mvua, mwezi wa mwaka, ada za shule, wateja wa kutoka Kongo au Sudan Kusini, na mengine ambayo hakuna awezaye kuyamaliza kuyataja. Hata hivyo mnunuzi huamua, na mara nyingi huamua kwa dakika chache. Anachokitafuta kichwani ni wastani: marobota ya namna hii, kwa hali zote zinazoweza kutokea, huleta faida gani?

Tutaita kanuni ule utaratibu unaopokea vigeu na kutoa namba moja, kwa mfano faida. Wastani wa kanuni hiyo katika hali zote zinazowezekana ndio ambao wanahisabati huuita intigrali. Mara nyingi haiwezekani kuupata kwa kalamu peke yake, hivyo hubidi kuukadiria kwa kuiuliza kanuni maswali kadhaa: hali ikiwa hivi, faida ni ngapi? Ikiwa vile, je? Historia tunayoisimulia ni ya idadi ya maswali hayo na gharama yake.

Fimbo ya mfanyabiashara wa mvinyo

Ni jambo la kupendeza kwamba sura mojawapo ya mwanzo ya historia hii inatoka katika biashara. Mwaka 1613, mjini Linz huko Austria, mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alinunua mvinyo kwa ajili ya harusi yake. Muuzaji alipima kila pipa kwa kutumbukiza fimbo moja kupitia tundu la ubavuni hadi kwenye pembe ya chini, kisha akataja bei. Kepler alishangaa: mapipa hayana umbo moja, fimbo moja itajuaje ujazo wa yote? Aliandika kitabu kizima juu ya suala hilo, kikachapishwa mwaka 1615. Mpaka leo Wajerumani huita kanuni mashuhuri ya kukadiria intigrali kwa vipimo vitatu "kanuni ya pipa ya Kepler", ilhali Waingereza huiita kwa jina la Thomas Simpson, mwanahisabati wa karne ya 18. Mwaka 1814 Carl Friedrich Gauss alionyesha namna ya kuchagua mahali pa kupima ili vipimo vichache vitoe usahihi mkubwa zaidi.

Mbinu hizo zote zilifaulu kwa sababu kigeu kilikuwa kimoja: urefu wa pipa. Ukipima mwanzo, katikati na mwisho, umekwisha kujua mengi.

Laana ya vigeu vingi

Tuseme sasa kwamba kwa kila kigeu tunataka kujaribu hali 10. Kigeu kimoja kinahitaji maswali 10. Vigeu viwili vinahitaji 100, kwa kuwa kila hali ya kwanza hukutana na kila hali ya pili. Vitatu vinahitaji 1,000. Vigeu 20 vinahitaji namba yenye 1 na sifuri 20 nyuma yake. Mwaka 1957 Mmarekani Richard Bellman alilipa tatizo hili jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita laana ya vipimo vingi.

Je, laana hiyo ilitokana na uzembe wa mbinu, au ndiyo tabia ya tatizo lenyewe? Mwaka 1959 Mrusi Nikolai Bakhvalov alithibitisha kwamba ni tabia ya tatizo. Kwa kundi pana la kanuni ambazo tunachojua juu yake ni ulaini wake tu, yaani kwamba hazirukiruki, hakuna utaratibu wowote usiotumia nasibu unaoweza kuikwepa laana hiyo. Huo ndio msingi wa taaluma ya ugumu wa ukokotoaji. Haiulizi tu "mbinu hii inagharimu kiasi gani?" bali "mbinu iliyo bora kuliko zote, hata ile ambayo haijabuniwa, haiwezi kugharimu chini ya kiasi gani?"

Karata, bomu na Shinkolobwe

Njia ya kwanza ya kuiepuka laana ilikuwa kuacha kupanga maswali na kuyachagua kwa nasibu, kama wanafunzi wetu wanavyochagua sampuli nasibu ya watoataarifa. Mwaka 1946 Stanislaw Ulam alikuwa akijiuguza baada ya ugonjwa mzito, akicheza karata peke yake. Alijiuliza uwezekano wa kushinda ni upi, akaona kuwa ni rahisi zaidi kucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi kuliko kupitia mipangilio yote ya karata. Alimweleza John von Neumann. Mwaka 1948 mbinu hiyo ilitekelezwa katika kompyuta ya ENIAC, na Klára von Neumann akiwa miongoni mwa walioandika programu zake. Mwaka 1949 Nicholas Metropolis na Ulam waliichapisha kwa jina la Monte Carlo, mji wa kamari.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Ilifanywa Los Alamos, Marekani, mahali palipotengenezwa bomu la atomiki, na ilihusu mwendo wa chembe ndani ya urani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mradi wa bomu wakati wa vita ilitoka Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga huko Kongo. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya kazi katika migodi ya Katanga miaka hiyo. Historia ya ukokotoaji husimuliwa kana kwamba ilianza na kuishia katika vyumba vya Ulaya na Marekani. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna haki ya kukumbuka kwamba madini yaliyozaa maswali hayo yalichimbwa na watu wengi waliosema lugha yetu, na kwa gharama kubwa kwao.

Sifa ya Monte Carlo ni kwamba kasi ya kupungua kwa kosa haitegemei idadi ya vigeu. Kasoro yake ni kwamba kasi hiyo ni ndogo: ukitaka kosa lipungue mara 10, unahitaji maswali mara 100. Kwa sababu hiyo walijitokeza watafiti waliotaka sampuli zilizopangwa kwa ustadi, zilizosambaa sawasawa pasipo kurundikana mahali pamoja. Johannes van der Corput alikuwa amekwisha kuonyesha njia kwa kigeu kimoja mwaka 1935. John Halton (1960) na Ilya Sobol (1967) waliipanua kwa vigeu vingi.

Vigeu visivyo na ukomo vinatoka wapi?

Msomaji anaweza kuuliza: vigeu visivyo na ukomo vipo wapi, kama si katika mawazo ya wanahisabati? Vipo katika kila kitu kinachobadilika kwa nasibu wakati wote. Chembe ya vumbi inayoelea majini husukumwa huku na huko. Ili kueleza njia yake yote, lazima utaje ilipokuwa katika kila nukta ya wakati, na nukta hizo hazina mwisho. Mwaka 1923 Norbert Wiener aliupa mwendo huo msingi wa kihisabati. Mwaka 1951 Robert Cameron alichapisha kazi iliyopeleka wazo la kanuni ya Simpson kwenye wastani wa njia hizo, yaani kutoka kigeu kimoja cha pipa hadi vigeu visivyo na ukomo. Thamani ya shilingi mbele ya dola, ambayo humnyima usingizi mwagizaji wa marobota, mara nyingi huelezwa na wanauchumi kwa mwendo wa aina hiyohiyo.

Mwaka uliofuata, 1952, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere, si mbali na mahali ambapo soko la Owino lingeanzishwa baadaye. Mambo haya mawili hayakuhusiana. Tunayataja pamoja ili msomaji aone kwamba tatizo hili na usanifishaji wa istilahi zetu ni vya rika moja.

Uzito

Hatua kubwa ilitokana na fumbo. Mwaka 1995 Spassimir Paskov na Joseph Traub wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha matokeo ya kukokotoa thamani ya hati za mikopo ya nyumba. Mkopo wa miaka 30 unaolipwa kila mwezi una vigeu 360, kwa sababu riba inaweza kubadilika kila mwezi. Kwa nadharia iliyokuwapo, sampuli zilizopangwa hazikutarajiwa kufaa kwa vigeu 360. Zilifaa, tena ziliishinda Monte Carlo. Kwa nini?

Mwaka 1998 Ian Sloan wa Australia na Henryk Woźniakowski wa Poland walitoa jibu. Nadharia ya zamani ilivichukulia vigeu vyote kuwa sawa. Katika matatizo mengi ya kweli haviko sawa: kila kimoja kina uzito wake. Walithibitisha kwamba, katika makundi ya kanuni waliyoyachunguza, jumla ya uzito wa vigeu vyote ikiwa na kikomo, basi idadi ya maswali yanayohitajika haikui kwa kuongezeka kwa vigeu. Laana inaondoka.

Sharti hilo linaeleweka kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua uzito wa 1/2, kisha 1/4, kisha 1/8, na kuendelea. Hata ukijumlisha bila kukoma, jumla haivuki 1. Sasa chukua 1, kisha 1/2, kisha 1/3, kisha 1/4. Hapa pia kila namba ni ndogo kuliko iliyotangulia, lakini jumla hupita kila kikomo utakachoweka. Kwa hiyo haitoshi uzito upungue; ni lazima upungue kwa haraka ya kutosha.

Neno uzito si geni kwa wasomaji wetu. Mfumuko wa bei unaotangazwa kila mwezi hutokana na kapu la bidhaa ambamo kila bidhaa hupewa uzito wake: chakula huzidi viberiti. Na mnunuzi wa Owino hufanya vivyo hivyo bila karatasi. Kwanza huuliza aina na daraja, kisha robota limetoka wapi, kisha msimu. Rangi za vifungo hazimshughulishi, ingawa nazo zina athari yake ndogo.

Gharama ya kuuliza

Lilibaki tatizo moja. Uzito unatuambia maswali mangapi yatatosha, lakini kila swali lina bei yake. Ikiwa vigeu havina ukomo, swali moja kamili halitakwisha kuulizwa. Mwaka 1996 Grzegorz Wasilkowski na Woźniakowski walikuwa wamechunguza ugumu wa kukokotoa wastani wa njia kama zile za Wiener. Kisha kati ya mwaka 2009 na 2011 zilitokea kazi kadhaa zilizoliweka swali la gharama mbele: Jakob Creutzig na wenzake (2009), Fred Hickernell na wenzake (2010), Frances Kuo pamoja na Sloan, Wasilkowski na Woźniakowski (2010), na Leszek Plaskota pamoja na Wasilkowski (2011). Wazo lao la msingi ni kwamba swali hulipiwa kwa kadiri ya vigeu linavyovigusa. Vinavyobaki huwekwa katika hali moja ya kawaida, wala havilipiwi.

Kutokana na wazo hilo, mbinu mbili zilipata nguvu. Ya kwanza ni ya ngazi, ambayo Stefan Heinrich (1998) na Michael Giles (2008) walikuwa wameiandalia njia. Tuitazame kwa mfano wetu wa kubuni. Tuseme kila kigeu kinalipiwa shilingi 1, na tunataka maswali 10,000 yenye vigeu 1,000 kila moja. Gharama ni shilingi 10,000,000. Badala yake tunafanya hivi:

Ngazi ya kwanza: maswali 10,000 yenye vigeu 10 tu, shilingi 100,000.

Ngazi ya pili: tofauti kati ya jibu la vigeu 10 na la vigeu 100, mara 1,000. Kila tofauti inalipiwa 110, jumla shilingi 110,000.

Ngazi ya tatu: tofauti kati ya vigeu 100 na 1,000, mara 100. Kila moja inalipiwa 1,100, jumla shilingi 110,000.

Tukijumlisha wastani wa ngazi zote tatu tunapata makadirio ya wastani uleule, kwa shilingi 320,000, yaani chini ya sehemu moja ya 30 ya gharama ya awali. Usahihi haupotei sana, ikiwa tofauti za ngazi za juu ni ndogo kiasi cha kutosheka na sampuli chache. Mbinu hii inauliza mambo mazito mara nyingi na mambo mepesi mara chache.

Mbinu ya pili huigawa kanuni katika mafungu madogo ya vigeu: mvua na siku ya juma pamoja, dola na daraja pamoja, na kadhalika. Kila fungu hukokotolewa peke yake kwa bei nafuu, na mafungu yenye uzito mdogo mno huachwa. Hivyo hata kigeu cha mbali kinaweza kuulizwa pasipo kuwalipia wote walio mbele yake.

Matokeo ya kazi hizo ni ya kushangaza kwa aliyezoea laana ya Bellman. Uzito ukipungua haraka vya kutosha na bei ya swali isipopanda kupita kiasi, wastani wenye vigeu visivyo na ukomo unaweza kupatikana kwa gharama inayokaribia ile ya kigeu kimoja. Uzito ukipungua polepole, wamethibitisha pia kwamba hakuna ujanja utakaosaidia.

Mipaka ya elimu hii

Tusiwadanganye wanafunzi wetu. Nadharia hii huanza na uzito uliokwisha kutolewa. Haisemi uzito huo unatoka wapi. Owino iliungua mwaka 2009, ikaungua tena mwaka 2011, na wachuuzi wengi walipoteza mali yote. Ambaye katika hesabu yake aliupa moto uzito wa vifungo vya shati, hesabu yake ingeweza kuwa safi na bado ikamfilisi. Mwaka 2008 dunia iliona jambo linalofanana na hilo kwa kiwango kikubwa, pale hati zilizojengwa juu ya mikopo ya nyumba ya Marekani zilipoporomoka. Kukokotoa wastani kwa usahihi hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa katika kanuni zenyewe: ziliuchukulia uwezekano wa wakopaji wengi kushindwa kulipa kwa wakati mmoja kuwa mdogo mno.

Kwa hiyo maswali mawili hayana budi kutenganishwa. La kwanza ni: je, tumeikokotoa kanuni vizuri? Hilo ndilo linalojibiwa na historia tuliyoieleza. La pili ni: je, kanuni inafanana na maisha? Hilo hujibiwa na anayeyajua maisha hayo, na sokoni anayeyajua ni mchuuzi.

Hitimisho

Katika makala haya tumetumia vigeu, nasibu, sampuli, wastani, uzito, ngazi, kikomo na kukokotoa. Hakuna hata neno moja kati ya hayo tulilolibuni. Mengine yako katika masomo ya utafiti na isimu, mengine yamo katika hesabu za shule za msingi, ambazo Tanzania imekuwa ikizifundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Tulichofanya ni kuyapanga tu. Nchini Uganda, ambako Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na ambako Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za utekelezaji mwaka 2022, bado tunasikia ikisemwa kwamba Kiswahili kinafaa sokoni na jeshini lakini hakifai katika elimu ya juu. Tunawaomba wenye maoni hayo wasome tena sehemu ya ngazi tatu hapo juu, kisha watuonyeshe mahali ambapo lugha ilikwama.

Walimu wenzetu wanaweza kulitumia somo hili darasani kwa zoezi jepesi. Mpe kila mwanafunzi shilingi 20 za kubuni na robota moja lisilofunguliwa. Kila swali kuhusu kigeu kimoja linalipiwa shilingi 1. Aandike atauliza nini, mara ngapi, na kwa mpangilio gani, kisha aeleze sababu kwa Kiswahili sanifu. Watakaotumia shilingi zote kwenye orodha ndefu watajifunza jambo, na watakaouliza swali moja tu pia watajifunza. Majibu yatakayotufikia tutayajadili katika toleo lijalo.